Ni Nani Atakayetia Sahihi?

Masomo: Zaburi 116, Wakolosai 2:13–15, Filemoni 8–21



Mchungaji wetu ametuomba tuandike mahubiri ya toleo hili, nasi tumekubali kwa kuogopa kidogo, maana mwalimu mstaafu akipewa chaki hajui kuiweka chini. Tunalo jambo moja tu la kusema. Ni juu ya sahihi, yaani jina ambalo mtu huliandika kwa mkono wake mwenyewe chini ya hati.

Sahihi ni kitu kidogo, wala haijazi hata mstari mmoja. Lakini ndoa husimama juu ya sahihi, shamba huuzwa kwa sahihi, mtoto hupokelewa shuleni kwa sahihi ya mzazi, na fedha ya Kanisa haitoki benki bila sahihi za wale tuliowachagua. Mtu atiapo sahihi husema, "Mimi nipo. Ikiwa kuna deni, nitafuteni mimi." Kwa sababu hiyo kughushi sahihi ya mwenzako ni dhambi nzito. Ni kumtia mwenzako kinywani ahadi ambayo hakuitoa, na kumbebesha deni ambalo hakulikopa.

Leo tutawasimulia habari za mtu aliyefanya dhambi hiyo, akahukumiwa kufa, na baadaye akaijenga nyumba ya Mungu. Si hadithi ya kubuni. Mambo haya yalitokea Uingereza na Australia, na majengo yake yapo hata leo.

MWASHI WA BRISTOL

Francis Greenway alizaliwa mwaka 1777 huko Mangotsfield, karibu na mji wa Bristol, magharibi ya Uingereza. Ukoo wake ulikuwa wa waashi na wajenzi, naye akajifunza zaidi ya kuchonga mawe, akawa mchoraji wa ramani za majengo. Alifanya kazi pamoja na ndugu zake. Mwaka 1809 walifilisika.

Wale miongoni mwetu waliowahi kudaiwa wanajua jinsi deni linavyomharibu mtu fikira. Usiku halali, mchana hukwepa njia ya mdai wake. Katika dhiki ya namna hiyo Greenway alighushi hati iliyohusu mapatano ya ujenzi, ili apate fedha ambayo hakuahidiwa. Ikagunduliwa. Mwezi wa Machi mwaka 1812 alisimama mbele ya hakimu huko Bristol akakiri kosa lake. Hukumu ilikuwa kunyongwa.

Pengine mtashangaa. Kunyongwa kwa sababu ya karatasi? Naam. Siku zile sheria za Uingereza zilikuwa na makosa zaidi ya 200 ambayo adhabu yake ni kifo. Aliyeiba mali ya shilingi 40 katika nyumba ya mtu aliweza kunyongwa. Aliyeghushi hati alionekana mtu wa hatari sana, kwa kuwa biashara yote ya nchi ilitegemea kuaminiana kwa maandishi. Adhabu ya kifo kwa kosa la kughushi ilifutwa kabisa mwaka 1837, mwaka ule ule aliokufa Greenway.

Hata hivyo wengi waliohukumiwa kufa hawakunyongwa. Walibadilishiwa adhabu, wakapelekwa ng'ambo kwa miaka 7, au 14, au maisha. Tangu mwaka 1788 hadi mwaka 1868 wafungwa zaidi ya 160,000, wanaume kwa wanawake, walipakiwa melini kupelekwa Australia. Wengi wao walikuwa wezi wa vitu vidogo: nguo, kondoo, saa, vijiko. Mfungwa alipomaliza miaka yake hakupewa nauli ya kurudi kwao, na wengi hawakuiona tena nchi yao wala makaburi ya wazazi wao.

Greenway alipewa miaka 14. Mwaka 1813 alipakiwa katika meli iliyoitwa General Hewitt pamoja na wafungwa wengine wapatao 300. Walisafiri katika giza na uchafu, maradhi yakawaangukia, na 34 kati yao walitupwa baharini wakiwa maiti. Meli ilifika Sydney mwezi wa Februari 1814.

Hapa tusimame kidogo, tumtaje mtu mwingine. Serikali ya Sydney ilimwagiza mganga mmoja, jina lake William Redfern, achunguze kwa nini watu wamekufa vile katika meli hiyo na nyingine zilizofika mwaka ule. Redfern aliandika taarifa, akashauri usafi, hewa safi, na waganga wenye mamlaka yao wenyewe melini. Safari za wafungwa zikawa salama zaidi baada ya hapo. Je, Redfern alikuwa nani? Alikuwa mfungwa wa zamani. Katika ujana wake alihukumiwa kufa kwa kushiriki maasi ya mabaharia ya mwaka 1797, akabadilishiwa adhabu, akapelekwa Australia, kisha akasamehewa. Wengi walifika salama miaka ya baadaye kwa sababu ya maandishi ya mtu ambaye sheria ilitaka kumnyonga.

NCHI YA MINYORORO

Meli 11 za kwanza ziliwasili mwezi wa Januari mwaka 1788. Pamoja na askari na wafungwa alikuja kasisi mmoja wa Kanisa letu la Anglikana, Richard Johnson. Tarehe 3 Februari alihubiri mahubiri ya kwanza katika nchi ile, nje, bila jengo lolote. Alichagua Zaburi ya 116, mstari wa 12, pale mtunga Zaburi anapojiuliza atamlipa Mungu kitu gani kwa wema wote aliomtendea.

Fikirini, wapendwa. Waliomsikiliza walikuwa wafungwa, waliotengwa na wake na watoto wao, mbali na kwao mwendo wa miezi minane ya bahari. Kasisi akawauliza watamrudishia Mungu nini! Yawezekana wengine walicheka. Miaka mitano baadaye, mwaka 1793, Johnson alijenga kanisa la kwanza la miti na udongo kwa fedha ya mfuko wake. Mwaka 1798 likateketezwa kwa moto. Basi swali lile la Zaburi lilibaki bila jibu.

Wala tusiseme kwamba nchi ile ilikuwa tupu. Ilikuwa na wenyeji wake, waliokaa humo kwa maelfu mengi ya miaka, wakiwinda na kuvua na kuzika wazee wao. Nchi yao ilichukuliwa bila mapatano, na mwaka 1789 ugonjwa wa ndui uliwaua wengi waliokaa karibu na Sydney. Aliyeghushi hati moja alihukumiwa kufa, bali waliochukua nchi nzima pasipo hati yoyote hawakusimamishwa mbele ya hakimu. Tukisoma habari za wenye dhambi waliokamatwa, tukumbuke kuna dhambi nyingi kubwa ambazo mahakama za wanadamu hazikuziita hata dhambi. Mungu anazijua.

BARUA YA MZEE PHILLIP

Sasa turudi kwa Greenway. Alifika Sydney akiwa na minyororo ya jina baya, lakini alikuwa na kitu kimoja cha thamani. Arthur Phillip, gavana wa kwanza wa koloni lile, alikuwa amestaafu, akikaa mji wa Bath, karibu na Bristol. Mzee huyo aliandika kumpendekeza Greenway kwa gavana wa wakati ule, Lachlan Macquarie, kwamba mtu huyu ana ujuzi wa ujenzi.

Phillip alikufa mwaka 1814, mwaka ule ule Greenway alipofika. Hakuishi kuona hata jiwe moja likiwekwa. Aliandika tu, akatia sahihi yake, akafa. Basi mtu aliyepotea kwa sababu ya sahihi ya uongo alianza kuokolewa kwa sahihi ya kweli.

Mwaka huo huo mkewe, Mary, alimfuata pamoja na watoto wao. Nasi tunamheshimu mama huyo kwa kusafiri baharini miezi mingi ili akae na mume aliyeaibishwa.

Macquarie naye hakumkabidhi kila kitu siku ya kwanza. Kwanza alimpa ruhusa ya kujifanyia kazi yake mwenyewe. Tena, alipomwagiza anakili ramani kutoka katika kitabu, Greenway alimjibu kwa majivuno, kana kwamba yeye ndiye gavana! Macquarie alikasirika, lakini hakumtupa. Mwezi wa Machi mwaka 1816 alimfanya msanifu wa majengo ya Serikali, kwa malipo ya shilingi 3 kwa siku. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa mnara wa taa wa kuongozea meli, penye mlango wa bandari. Mnara ulipokamilika alipewa msamaha wenye masharti. Mwaka 1819 bweni kubwa la wafungwa la Hyde Park likafunguliwa, naye akapewa msamaha kamili. Bweni lile lipo hata leo, na tangu mwaka 2010 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Angalieni mwendo wa Macquarie: ruhusa, kisha kazi, kisha msamaha wa masharti, kisha msamaha kamili. Tutarudi kwa jambo hili.

SARAFU CHINI YA JIWE

Huko Windsor, nje ya Sydney, Greenway alichora ramani ya Kanisa la Mtakatifu Mathayo. Si ajabu kwetu kwamba kanisa lile lilipewa jina la mtoza ushuru, mtu wa hesabu na fedha za watu, ambaye Bwana alimwita akiwa mezani pa kazi yake!

Mwaka 1817 Gavana Macquarie aliweka jiwe la msingi, na chini yake akaweka sarafu moja ya fedha, kama ilivyokuwa desturi. Usiku ule sarafu ikaibiwa. Wakaweka nyingine. Nayo ikaibiwa.

Tunajua mmecheka, nasi tulicheka tulipoisoma. Lakini tuangalie walichofanya baadaye. Hawakusema, "Hapa ni kwa wezi, hapafai kujengwa kanisa." Waliendelea kujenga. Kwani kanisa lifaalo kujengwa mahali pasipo wezi lijengwe wapi? Mwaka 1822 likawekwa wakfu, na hata leo watu huabudu humo.

Katikati ya Sydney lipo Kanisa la Mtakatifu Yakobo. Jengo lile liliwekewa msingi mwaka 1819 liwe mahakama. Kabla halijakamilika mpango ukabadilishwa, likawa kanisa. Mwaka 1824 likawekwa wakfu. Lipo mkabala na bweni la Hyde Park, na wafungwa waliokaa bwenini waliongozwa kwenda kusali humo. Kuta zilizoanzwa zisikie hukumu zikasikia maungamo na maneno ya msamaha. Mchoraji alikuwa mtu aliyesimama mahakamani akasikia hukumu ya kufa juu ya kichwa chake. Hatudhani kwamba alipangiwa na wanadamu mfano huo.

Basi, kama mtu angeuliza ni nini wafungwa wale walimrudishia Bwana, sehemu moja ya jibu imesimama pale kwa matofali.

WALIOKATAA KUKAA PAMOJA NAO

Msidhani kwamba wote walifurahi. Mwaka 1810 Macquarie aliwateua watu wawili waliowahi kuwa wafungwa, Simeon Lord na Andrew Thompson, wawe wadhamini wa barabara pamoja na kasisi Samuel Marsden. Marsden akakataa. Aliona ni aibu kwa mtu wa Mungu kuketi meza moja na watu wa namna ile.

Tusimhukumu Marsden upesi. Alikuwa mtu mwenye bidii. Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana mwaka 1814 alihubiri Injili New Zealand, na Kanisa la huko linamkumbuka kwa shukrani. Lakini kwa wafungwa alikuwa hakimu mkali, na viboko vyake vilisemwa sana. Mtu anaweza kuvuka bahari kumpelekea mgeni Injili, akashindwa kuvuka chumba kumpa mkono jirani aliyeanguka. Na Mungu ana njia zake za kufundisha. Makanisa yale mawili, la Windsor na la Sydney, yaliyochorwa na mfungwa, yaliwekwa wakfu na nani? Na Samuel Marsden.

Macquarie naye alilipa gharama. Malalamiko yakafika London kwamba anawapendelea waliokuwa wafungwa na kutumia fedha nyingi kwa majengo. Mwaka 1819 Serikali ikamtuma mkaguzi, John Thomas Bigge, naye akaandika taarifa zilizomlaumu. Macquarie aliondoka Sydney mwaka 1822, akafa London mwaka 1824 akiwa na uchungu moyoni. Mtu akitia sahihi kwa ajili ya mwingine, ajue kwamba anaweza kudaiwa.

Je, Greenway alikuwa mtakatifu? La. Hata baada ya kusamehewa alibaki mwenye majivuno na ugomvi. Mwaka 1822 aliachishwa kazi, na miaka yake ya mwisho ilikuwa ya umaskini. Alikufa mwaka 1837, akazikwa East Maitland, na kaburi lake halina alama. Lakini mwaka 1966, Australia ilipoanza kutumia dola, noti ya dola 10 ilitiwa picha ya uso wa Francis Greenway, ikatumika hivyo mpaka mwaka 1993. Mtu aliyehukumiwa kwa kughushi hati ya fedha, uso wake ukawa alama ya kuwahakikishia watu kwamba fedha hii ni ya kweli!

MKONO WA PAULO

Yote haya tumeyasema ili tufike kwenye Waraka kwa Filemoni. Ni waraka mfupi kuliko nyaraka zote za Paulo tulizo nazo, na wengi wetu huupita tukitafuta Waebrania.

Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni. Alimtoroka bwana wake, na huenda alimwachia hasara. Akamfikia Paulo kifungoni, akaamini. Jina lake maana yake ni mtu wa kufaa, na Paulo anacheza na jina hilo: zamani hakukufaa, sasa anatufaa wewe na mimi.

Lakini Paulo haishii kwenye maneno matamu. Tazameni mstari wa 18 na wa 19. Anamwambia Filemoni kwamba kama Onesimo alimkosea, au anadaiwa kitu chochote, deni hilo liandikwe juu yake yeye Paulo. Na hapo anashika kalamu mwenyewe, anasema kwamba anaandika kwa mkono wake na kwamba atalipa.

Sisi tuliofundisha mwandiko ubaoni miaka mingi tunasimama hapa kwa mshangao. Greenway aliiga mkono wa mwingine ili mwingine adaiwe. Paulo aliandika kwa mkono wake mwenyewe ili mwingine asidaiwe. Ndiyo tofauti kati ya dhambi na neema, na yote mawili hufanywa kwa kalamu na wino.

Paulo alijifunza wapi kuandika hivyo? Alijifunza msalabani. Anawaeleza Wakolosai kwamba ilikuwako hati yenye mashtaka juu yetu, nayo Mungu akaifuta, akaiondoa, akaipigilia misumari msalabani. Hati ile haikuwa ya kughushi. Kila neno lililoandikwa ndani yake lilikuwa kweli. Bwana Yesu hakusema, "Hawa hawadaiwi." Alisema, "Nidai mimi." Sahihi yake aliitia kwa damu.

KARATASI AMBAYO HATUKUIANDIKA

Sasa hatuna budi kusema jambo la kwetu wenyewe, maana si vema kuhubiri dhambi za watu wa Bristol tukaficha zetu.

Mwaka 1994 tulikuwa tukifundisha katika chuo kimoja cha ualimu. Kijana mmoja wa mwaka wa pili aliiga sahihi yetu katika hati ya posho ya mazoezi ya kufundisha, akachukua posho mara mbili. Tuliitambua mara moja, kwa kuwa aliiandika vizuri kuliko tunavyoiandika sisi. Akafukuzwa chuoni. Kwa hilo hatulalamiki. Kanuni ilikuwa kanuni, na mtu atakayefundisha watoto lazima awe mwaminifu.

Lakini baada ya majuma mawili mama yake alikuja nyumbani kwetu. Alikataa kiti, akaketi kwenye mkeka. Akasema, "Mwalimu, mimi sisemi hakukosa. Amekosa. Nakuomba karatasi moja tu. Yuko fundi mjini atampokea afanye kazi ya mikono, lakini anataka barua ya mtu anayemjua. Andika yote, na kosa liandike. Ila andika pia kwamba ana akili na mikono yake ni mizuri."

Tulimjibu kwamba jina letu limekwisha kuchezewa mara moja, hatutaki lichezewe mara ya pili. Yule mama alisema, "Haya, Mwalimu, asante," akaondoka. Hatukuwaona tena, yeye wala mwanawe.

Ni miaka mingi sasa. Tumesahihisha maelfu ya madaftari, tumeandika barua nyingi za kuwasifu watu ambao hawakuhitaji sana sifa zetu. Karatasi tunayoikumbuka ni ile ambayo hatukuiandika. Mzee Phillip aliandika kwa ajili ya mtu aliyehukumiwa kufa. Sisi tulishindwa kuandika kwa ajili ya kijana aliyehukumiwa kurudi nyumbani.

ALIYE KARIBU NA MLANGO

Wapendwa, wengi wenu mnajua kwa nini tumeandika mambo haya mwezi huu. Katika mtaa wetu yupo ndugu aliyetoka gerezani mwaka jana, baada ya kutumikia kifungo cha miaka mitano kwa kuandika risiti za uongo katika kazi aliyokuwa nayo. Yeye mwenyewe ameturuhusu kuandika, bila kumtaja jina. Kila Jumapili huketi benchi la mwisho, karibu na mlango. Ni mwashi, na walioona ukuta aliomjengea jirani yake wanasema ni ukuta ulionyooka.

Nyumba ya katekista inangoja kujengwa. Halmashauri ya Kanisa imekaa mara mbili juu ya ndugu huyu bila kukubaliana. Wanaokataa si watu wabaya. Wanasema fedha hii ni sadaka ya wajane na wakulima, na ikipotea tutawaambia nini? Hoja hiyo ni ya haki, nasi hatuidharau. Msamaha si kufumba macho. Macquarie hakumpa Greenway msamaha kamili siku aliyoshuka melini. Basi, mwashi apewe kazi, na si mfuko. Saruji na bati zinunuliwe na wazee wa Kanisa, stakabadhi zishikwe na mtunza hazina, na malipo yatolewe kwa awamu kadiri ukuta unavyopanda. Hiyo ni hekima, wala haipingani na upendo.

Lakini hekima peke yake haitoshi. Halmashauri inataka mdhamini, mtu atakayelipa ikiwa kazi itaharibika. Hapo ndipo kikao kiliponyamaza mara zote mbili, hata tukasikia kuku wakiparua nje. Sote tuliangalia chini. Na tuseme kweli, sisi pia tuliangalia chini.

Inafaa tukumbuke Injili ilivyotufikia sisi wa Tanganyika ya Kati. Dayosisi yetu ilipoanzishwa mwaka 1927, askofu wake wa kwanza, George Alexander Chambers, alitoka Sydney, na baada yake wakaja kutoka Australia wachungaji, waganga na walimu wengi. Hatusemi kwamba hao walikuwa wajukuu wa wafungwa. Tunasema kwamba Kanisa lililowatuma lilihubiriwa kwanza kwa wafungwa, na likasalia katika nyumba zilizojengwa na wafungwa. Kama watu wa Sydney wangengoja wajenzi wasio na doa, sijui nani angetufikia hapa.

Basi Jumatatu iliyopita tulikwenda kwa mchungaji, tukaomba ile fomu ya udhamini. Mkono ulitetemeka kidogo, kwa uzee na kwa sababu nyingine. Tumetia sahihi. Pensheni ya mwalimu mnaijua; haitoshi kudhamini nyumba nzima. Mchungaji anasema nafasi za wadhamini katika fomu ni tatu. Mbili ziko wazi. Fomu iko ofisini kwake, na Halmashauri itakaa Jumamosi ya pili ya mwezi.

Hatuwaahidi kwamba ndugu huyu hatatuangusha. Paulo hakujua Onesimo atafanya nini, na Macquarie aliona taabu nyingi kwa majivuno ya Greenway. Twajua hili tu, kwamba jina la kila mmoja wetu lilikuwa katika hati ile iliyopigiliwa msalabani, na kwamba yuko aliyetudhamini akijua vizuri jinsi tulivyo.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyeahidi Paradiso kwa mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja nawe, wakumbuke wote walio gerezani na wote waliotoka, ambao milango mingi imefungwa mbele yao. Uwakumbuke walinzi wao, na wale waliodhulumiwa nao. Utusamehe barua ambazo hatukuziandika na mikono ambayo hatukuishika. Utupe hekima ya kulinda sadaka za watu wako, na ujasiri wa kutia majina yetu mahali ulipotia lako. Kwa kuwa wewe ndiwe mdhamini wetu, unayeishi na kutawala pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, milele na milele. Amina.